Je, Wajua? Wimbi Lililopita Tukuyu Saa Sita na Dakika Hamsini

Je, wajua kuwa Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2015, saa 6 na dakika 50 mchana, wimbi lilipita Tukuyu na hakuna aliyelisikia? Lilipita kwenye mashamba ya chai, migombani, sokoni na madarasani, likaupenya mlima Rungwe kama vile mlima haupo. Halikutikisa hata jani. Lilikuwa wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe, na lilikuwa safarini kwa miaka bilioni 1.3. Dakika hiyohiyo mitambo miwili nchini Marekani ililinasa, na hapo ndipo binadamu aliponasa wimbi la namna hiyo kwa mara ya kwanza.

Wajua lilikuwa dogo kiasi gani? Chukua umbali wa Tukuyu hadi Dar es Salaam, kilomita 900 hivi. Wimbi lile liliurefusha na kuufupisha umbali huo kwa kipimo kisichofika upana wa protoni moja, ile chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu.

Na wajua lilitoka wapi? Mashimo meusi mawili, moja lenye uzito mara 36 ya Jua letu na jingine mara 29, yalizungukana yakizidi kukaribiana mpaka yakagongana. Likazaliwa shimo moja lenye uzito wa Jua mara 62. Piga hesabu: 36 na 29 ni 65. Uzito wa majua 3 uligeuka kuwa nishati ya mawimbi, na wakati wa kilele nguvu iliyotoka ilizidi kama mara 50 ile ya nyota zote za ulimwengu unaoonekana. Wimbi hilo lilipoanza safari, miamba ya kale iliyolala chini ya volkano zetu, ambayo wanajiolojia huiita miamba ya Ubendi, ilikuwa tayari na umri wa mamia ya mamilioni ya miaka.

Je, wajua kuwa wimbi hilo lina sauti? Mtetemo wake ulipanda kutoka mizunguko 35 kwa sekunde hadi 250, kiwango ambacho sikio la mtu hukisikia. Wanasayansi walipoupitisha kwenye spika, walisikia mlio mfupi unaopanda, kama wa kifaranga. Ulidumu sekunde 0.2 tu.

Shimo jeusi ni nini hasa? Aliyefika Kijungu, kwenye mto Kiwira, si mbali na Daraja la Mungu, ana mahali pa kuanzia. Pale maji yanazunguka ndani ya chungu cha mwamba kisha yanazama. Jani likidondoka mbali kidogo huenda likaelea likajiendea zake. Likishavuka mahali fulani, hakuna cha kulirudisha. Shimo jeusi lina mpaka wa namna hiyo. Kinachouvuka hakirudi, hata kikiwa ni mwanga, na hakuna kitu kinachoushinda mwanga kwa mbio.

Lakini wajua kuwa shimo jeusi halitembei angani likimeza kila kitu? Jua letu lingegeuka shimo jeusi leo hii, lenye uzito uleule, Dunia ingeendelea kulizunguka kwa siku 365 kama kawaida. Tungekufa kwa baridi na giza, ila kumezwa tusingemezwa.

Ili ligeuke hivyo, Jua zima lingepaswa kubanwa mpaka libaki na upana wa kilomita 6. Ziwa Ngosi lina urefu wa kilomita 2.5 hivi. Yapange maziwa Ngosi mawili na nusu kwenye mstari mmoja, hapo Jua zima limeenea. Dunia yetu nayo ingebanwa iwe na upana wa sentimita 1.8: goroli ya mtoto, yenye mlima Rungwe, ziwa Nyasa na bahari zote ndani yake.

Je, wajua aliyepiga hesabu hiyo kwanza alikuwa vitani? Karl Schwarzschild alikuwa mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Potsdam, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaingia jeshini, na akiwa upande wa mapambano na Warusi akaisoma nadharia mpya ya Albert Einstein, iliyotoka Novemba 1915. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amempelekea Einstein barua yenye jibu kamili la milinganyo ambayo Einstein mwenyewe alikuwa ameitatua kwa makadirio tu. Jibu hilo ndilo msingi wa hesabu za mashimo meusi mpaka leo. Aliugua huko vitani, akafariki tarehe 11 Mei 1916, akiwa na miaka 42. Mwezi huohuo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, yakaiteka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Vita ileile iliyofika kwenye migomba ya Rungwe ndiyo iliyomchukua mtu huyo.

Na je, wajua kuwa kivuli kilichompa Einstein ushindi kilipita jirani kabisa na Rungwe? Hili huwa nalirudia kila nikipata wa kumwambia. Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa lote. Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kwenye kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, na wenzake wengine walikuwa Sobral, Brazili. Walitaka kupiga picha nyota zilizoonekana kandokando ya Jua lililofunikwa, ili wapime kama uzito wa Jua unapinda mwanga wa nyota hizo kwa kiasi alichosema Einstein. Nyota zenyewe zilikuwa kwenye kundi la Ng'ombe, majirani wa Kilimia kile ambacho wakulima wa pwani wamekitumia tangu zamani kujua majira ya kupanda.

Kivuli hakikuishia Príncipe. Kilivuka Gabon na Kongo, kikapita Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kikagusa ncha ya kaskazini ya Nyasaland, ng'ambo ya mto Songwe, kikaingia katika nchi ambayo leo ni Tanzania na kuishia Msumbiji ya kaskazini jua likizama. Natamani tungekuwa na simulizi ya mkulima mmoja tu wa bonde la Songwe aliyeliona jua la jioni likizimwa kabla ya kuchwa. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, na jina la Einstein likaenea dunia nzima.

Je, wajua kuwa neno la Kiswahili limo katika orodha za nyota zinazotumiwa na vyuo vikuu vya dunia nzima? Neno hilo ni Uhuru.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo la San Marco liliendeshwa na watu wa Chuo Kikuu cha Roma chini ya Profesa Luigi Broglio. Roketi ilibeba setilaiti ya Kimarekani yenye kilo 142 hivi, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Kwenye makaratasi ilikuwa na jina la herufi na namba. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi, akapendekeza ipewe jina la sikukuu ya wenyeji waliowapokea. Jina likashika, na wale waliokuwa wamezoea namba wakaanza kusema Uhuru.

Kwa nini Malindi? Kwanza, iko karibu na ikweta, ambako uso wa Dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, na roketi inayoruka kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Pili, njia inayofuata ikweta huiepusha setilaiti na sehemu za anga zenye chembe kali za mnururisho, ambazo zingevivuruga vifaa vyake. Eksirei zenyewe haziwezi kupimwa kutoka ardhini kwa sababu hewa yetu huzizuia, na afya zetu zinahitaji izizuie. Kwa hiyo ilikuwa lazima kupanda juu, na Pwani ya Waswahili ndiyo iliyokuwa mlango mzuri wa kutokea.

Mpaka ilipokoma kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya habari zilizozaa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo kilikuwa Cygnus X-1, kwenye kundi la nyota ambalo mabaharia wetu waliliita Dajaja. Roketi ndogo ilikuwa imekiona tangu 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyogundua kuwa eksirei zake zinapepesa haraka mno, ndani ya sehemu ndogo za sekunde. Hilo lina maana nzito. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa chote kwa haraka hivyo, kwa kuwa hata mwanga unahitaji muda kukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Basi kilichokuwa pale kilikuwa kidogo sana, tena kikali kupita kiasi.

Vyuo na vituo vikaanza kukimbizana. Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto, na Louise Webster na Paul Murdin wa kituo cha Greenwich, wakapata nyota kubwa ya bluu inayozunguka kila baada ya siku 5.6 pamoja na mwenza asiyeonekana. Mwenza huyo alikuwa mzito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinampa uzito wa Jua mara 21, na umbali wa miaka nuru 7,200. Mwaka nuru ni umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba eksirei zilizonaswa na Uhuru zilitoka kule kabla ya mlipuko mkubwa wa mlima Rungwe, uliotokea miaka 4,000 hivi iliyopita.

Je, wajua kuwa Stephen Hawking aliweka dau kuwa kitu hicho si shimo jeusi? Ilikuwa mwaka 1974, na aliyeshindana naye ni rafiki yake Kip Thorne. Hawking alikuwa ametumia miaka mingi kuyachunguza mashimo meusi, akaona kama hayapo basi walau apate faraja ya kushinda dau. Alikiri kushindwa mwaka 1990. Thorne akaja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, pamoja na Rainer Weiss na Barry Barish, kwa kazi ya mawimbi ya mvutano. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa Uhuru, alikuwa ameshapata ya kwake mwaka 2002.

Na wajua kuwa Malindi haikuishia kwenye shimo moja? Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliruka kutoka jukwaa lilelile. Mwaka uliofuata ikaona mwako mkali wa eksirei mahali palipoitwa A0620-00. Leo tunajua kuwa pale pana shimo jeusi, na ni miongoni mwa yaliyo karibu zaidi nasi kati ya yale yanayofahamika.

Turudi nyumbani. Je, wajua kuwa kimondo cha Mbozi kinaweza kukueleza kwa nini nyota hufa? Kiko Songwe, safari fupi kutoka Rungwe. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 yake ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Chuma hicho kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa. Nyota huishi kwa kuunganisha elementi nyepesi ziwe nzito, na kila muungano hutoa joto linaloizuia isiporomoke kwa uzito wake yenyewe. Ikifika kwenye chuma, joto linakoma: kuunganisha chuma hakutoi nishati, kunaila. Kiini cha nyota kubwa kikishajaa chuma huporomoka kwa muda usiozidi sekunde moja. Kinachobaki kikiwa chepesi kiasi, hukaa kama nyota nyutroni. Kikizidi uzito wa Jua mara 3 hivi, hakuna nguvu inayojulikana ya kukizuia kuwa shimo jeusi. Mgeni yeyote anayeweka kiganja chake juu ya kimondo kile anagusa kitu kilekile kinachoziua nyota kubwa.

Je, wajua dhahabu ya Chunya inaweza kuwa imetoka wapi? Vijana wengi wa Rungwe walikwenda kuchimba huko Lupa miaka ya 1930, na wengine wapo mpaka leo. Tarehe 17 Agosti 2017, saa 9 na dakika 41 alasiri kwa saa zetu, mitambo ilinasa wimbi la aina nyingine. Safari hii halikutoka kwenye mashimo meusi. Lilitoka kwenye nyota nyutroni mbili zilizogongana umbali wa miaka nuru milioni 130. Nyota ya namna hiyo ina upana wa kilomita 20 hivi, ingeenea ndani ya wilaya ya Rungwe, lakini ni nzito kuliko Jua. Sekunde 1.7 baada ya wimbi, setilaiti ikaona mwako wa miali ya gama. Darubini za mabara yote zikageuzwa upande huo, ikiwemo ile kubwa ya SALT pale Sutherland, Afrika Kusini. Rangi za mwanga ule na jinsi ulivyofifia zilionyesha kuwa elementi nzito zilikuwa zikizaliwa pale, za daraja la dhahabu na platini. Kwa hiyo pete ya ndoa iliyotengenezwa kwa dhahabu ya Chunya huenda ina chembe zilizozaliwa katika mgongano kama ule, mabilioni ya miaka iliyopita, zikatangatanga angani mpaka zikaangukia kwenye udongo uliokuwa ukijenga Dunia.

Wajua kuwa saa iliyo kileleni mwa Rungwe huitangulia saa iliyo ufukweni Matema? Ni kweli kabisa. Mvutano hupunguza mwendo wa wakati, na ukipanda juu mvutano unalegea kidogo. Kilele cha Rungwe kiko mita 2,960 hivi juu ya bahari, na ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Ukipiga hesabu ya Einstein kwa tofauti hiyo, saa ya kileleni inaipita ya Matema kwa sekunde kama 8.5 zilizogawanywa kwa milioni moja, kila mwaka. Kwa saa ya mkononi ni kiasi kisichopimika. Kwa saa za atomu ni kikubwa. Saa za setilaiti zinazoiongoza ramani ya simu, ile anayoitumia dereva wa bodaboda kutafuta nyumba ya mteja, hutangulia zetu kwa sekunde 38 zilizogawanywa kwa milioni moja, kila siku. Wahandisi wasingeisahihisha tofauti hiyo, ramani ingekosea kwa kilomita 10 hivi ndani ya siku moja. Karibu na shimo jeusi tofauti hii inakuwa kubwa ajabu, na anayetazama kutoka mbali angeona saa inayosogea kwenye mpaka ikizidi kupunguza mwendo mpaka kama imesimama.

Na ile mitambo ya Marekani iliyonasa mawimbi ya mvutano inafanyaje kazi? Inaitwa LIGO, ni miwili, mmoja Hanford na mwingine Livingston, umbali wa kilomita 3,000 kati yao. Ilibuniwa na kujengwa na vyuo vikuu viwili, Caltech na MIT, na sasa inatumiwa na watafiti zaidi ya 1,000 wa nchi nyingi. Kila mmoja una mikono miwili ya kilomita 4 iliyopangwa kama herufi L. Mwale wa leza hugawanywa mara mbili, kila nusu ikaenda kwenye mkono wake, ikagonga kioo na kurudi. Zikirudi sawasawa, mwanga hufutana. Wimbi la mvutano likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, na mwanga kidogo huvuja. Kioo kimoja kina kilo 40, na kimening'inizwa kwa nyuzi nyembamba za kioo ili kisitikiswe na ardhi. Mwaka 2015 Livingston ilisikia kwanza, Hanford ikafuata baada ya milisekunde 7.

Wanaoishi juu ya Bonde la Ufa wataelewa ugumu wa kazi hiyo. Tetemeko kubwa la mbali, hata la bara jingine, linatosha kuvivuruga vioo hivyo. Rungwe imekaa mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana, na volkano ya Kyejo ililipuka mara ya mwisho mnamo 1800. Kati ya 2013 na 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani pamoja na wenzao wa Tanzania na Malawi walitandaza vipimatetemeko kuzunguka milima hii na kando ya ziwa Nyasa, ili kujua kilichoko chini. Nao walikuwa wakisikiliza mawimbi yaliyotoka mahali ambapo jicho halifiki, wakakisia umbo la kilichoyatuma.

Je, wajua kuwa watafiti wa LIGO waliwahi kupewa mtihani wa siri? Septemba 2010 watu wachache walioidhinishwa waliingiza kwenye mitambo ishara ya kubuni bila kuwaambia wenzao. Kundi zima likafanya kazi kwa miezi, likaandika hata makala ya kutangaza ugunduzi. Machi 2011 bahasha ikafunguliwa, wakaambiwa lilikuwa jaribio. Naiheshimu sana kazi ya watu wanaokubali kujaribiwa namna hiyo. Ndiyo sababu Septemba 2015 swali lao la kwanza lilikuwa kama ni mtihani mwingine. Haukuwa mtihani, lakini walikagua kwa miezi mitano kabla ya kuutangazia ulimwengu, tarehe 11 Februari 2016.

 

Wajua idadi ya migongano iliyonaswa imefika wapi? Kufikia Septemba 2025 mitambo ya Marekani, pamoja na Virgo ya Italia na KAGRA ya Japani, ilikuwa imenasa migongano ya mashimo meusi ipatayo 300. Mmoja ulionaswa Novemba 2023 ulizaa shimo lenye uzito wa Jua mara 225 hivi. Mtambo wa namna hiyo bado haupo hata mmoja barani Afrika, na mimi naliona hilo kama pengo la kuzibwa. Nchini Namibia kuna mpango wa kujenga darubini ya redio itakayosaidia kupiga picha za mashimo meusi. Kigali, tangu 2018, kuna taasisi ya fizikia chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda ambapo vijana wa Afrika Mashariki husoma shahada za uzamili na uzamivu, mvutano na historia ya ulimwengu zikiwa kati ya masomo yao. Mhitimu wa sekondari ya Tukuyu aliyependa fizikia, akishapata shahada ya kwanza, anaweza kufika huko kwa basi.

Na mwisho, je, wajua kuwa Tukuyu ina mahali pazuri pa kutazamia haya yote, mvua zikikatika? Huu ni mji wa mvua nyingi kuliko karibu miji yote ya Tanzania, lakini kati ya Juni na Oktoba kuna usiku wa baridi wenye anga safi. Toka nje katikati ya Agosti, saa 3 usiku, ukiwa na koti. Tazama kusini, inua uso karibu mpaka utosini. Utauona mkia wa Nge uliojikunja, na pembeni yake nyota za Kausi, pale ambapo Njia Nyeupe ni pana na nzito kuliko kwingine. Huko, umbali wa miaka nuru 27,000 hivi, kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4. Andrea Ghez na Reinhard Genzel walilithibitisha kwa kufuatilia kwa miaka mingi nyota zinazolizunguka, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose. Picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Watu wa Ulaya ya kaskazini huliona eneo hilo likiwa chini kabisa kwenye upeo. Sisi linatupitia juu ya vichwa.

Rudi tena katikati ya Septemba, saa ileile, ugeukie kaskazini, kwenye mlima Rungwe. Juu ya kilele, kama katikati ya upeo na utosi, Dajaja amenyoosha mabawa. Mwenye darubini nzuri ya macho mawili na ramani ya nyota anaweza kuipata ile nyota ya bluu kwenye shingo yake. Mwenza wake hataonekana, lakini yupo hapohapo. Katika orodha ya wanaastronomia ameandikwa 4U 1956+35, na hiyo U ni ya Uhuru.